Mtande wa Bibi Luciana

Mimi nimelelewa. Asiyenipenda na aseme mengine yote, lakini hilo hatalikataa. Kwetu Tukuyu mtoto wa kike akipewa kitu na mkubwa hupiga goti, hupokea kwa mikono miwili, na hushukuru kabla hajatazama alichopewa. Mama yangu alinifunza hivyo kwa maneno na, maneno yaliposhindwa, kwa mwiko wa ugali. Siku hizi natamani angenilea vibaya. Mtoto mkaidi angetoka salama mahali nilipoingia mimi.

Jina langu Suma, lakini hapa Majengo wananiita Mama Happy, kwa ajili ya binti yangu Happyness. Tulihamia Sumbawanga kumfuata mume wangu Ebenezer, mtumishi wa serikali. Siku ya kuaga nyumbani watu walinitania, eti huko nakwenda kwa basi au kwa ungo? Nilicheka nao. Nilifika kwa basi, nikakuta mji wenye baridi, mahindi mengi na watu wapole, nikaona wale wataniaji hawajui wasemalo.

Baridi ile ndiyo iliyonipa kazi. Nilifuma masweta ya shule nyumbani, kwa sindano, na nyuzi nilinunua kwa Coleta, Mfipa mwenye kibanda cha nyuzi na vifungo. Kila mtu alimwita Mama Adolfu, kwa jina la kifungua mimba wake ambaye alikwisha kumzika. Happyness alipougua surua, Coleta ndiye aliyekesha nami. Nasema hivi ili ieleweke alikuwa nani kwangu. Hakuwa mtu wa kupita njia.

Siku moja alinishika mkono juu ya meza yake ya nyuzi.

"Mama Happy, si uliniambia ulisomea kufuma vitambaa kule Mbeya?"

"Nilisomea. Mtambo ndio nimeukosa."

"Kwa mama mkwe upo. Wa mbao, wa zamani. Bibi anaumwa, hauwezi tena. Njoo uuchukue, utatoa chochote ulicho nacho."

Mtambo wa kufumia! Mwenye mtambo hafumi sweta la mtoto wa jirani tena. Anafuma mashali, mablanketi, vitambaa vya makochi ya mabosi. Niliona nyumba yangu imeezekwa upya. Njaa ya maendeleo ni njaa kama nyingine, mwenye njaa haulizi chungu kimetoka wapi.

Tuliondoka alasiri mimi na Lwitiko, jamaa wa kwetu mwenye guta la mizigo. Kijiji chenyewe kipo pembeni ya barabara ya Matai, ile ya kwendea mpakani Kasesya. Malori yalitupita yakitutimulia vumbi, kisha tukakata kona, na kelele zote zikabaki nyuma. Jua lilikuwa linazama tulipofika. Upepo wa uwandani ulikuwa unapiga nyasi chini.

Coleta alitupokea uani. Hakunikumbatia kama siku zote. Mtambo ulikuwa tayari umetolewa nje, umeegemezwa ukutani: nguzo nne, vikanyagio viwili vya miguu, na kile kitana kikubwa cha kugongea nyuzi. Mbao zake zilikuwa nyeusi, laini kwa kushikwa. Na kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, ulikuwa na mtande wake. Mtande ni zile nyuzi za urefu zinazotangulia kutandwa kabla hujafuma. Kuutanda upya na kuupenyeza uzi mmoja mmoja ni kazi ya kukutoa machozi. Huu ulikuwa umetandwa, na mbele yake kitambaa kilikwisha kuanzwa, kipana kama kanga, kina mistari ya rangi nyingi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa bluu ya mbingu.

"Nani alikianza?" niliuliza.

"Bibi. Usikikate," Coleta alisema, macho yake yakiwa chini. "Endelea tu hapo alipoishia. Sasa twende ukamuage."

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya moshi, ya mkojo, na ya kitu kingine... kama sufi iliyolowa muda mrefu. Kitandani alilala mama mkwe wake, Bibi Luciana. Alikuwa amekwisha. Ngozi ilikuwa imeshikana na fuvu, kifua hakipandi wala hakishuki, nikadhani tumechelewa.

Macho yakafunguka.

"Shikamoo bibi," nikasema, nikapiga goti.

Hakuitikia. Mkono wake ulitoka chini ya blanketi polepole, umeshika kile kijiti cha kupitishia uzi. Akaninyooshea. Akanong'ona neno kwa Kifipa.

"Anasema pokea," Coleta alinong'ona nyuma yangu.

Nikapokea. Kwa mikono miwili. Kijiti kilitoka chini ya blanketi, kifuani kwa mtu mwenye homa, lakini kilikuwa cha baridi kiasi kwamba vidole viliniuma.

Bibi akanong'ona tena.

"Anauliza kama umepokea kwa moyo wako."

Ungefanya nini? Mtu mzima yuko kitandani, anakufa, anakupa kitu chake cha kazi. Ungesema hapana? Nilisema nimepokea, bibi, kwa moyo wangu, Mungu akubariki. Nilisema hata zaidi ya nilichoulizwa. Mdomo uliofunzwa adabu haujui kukaa kimya.

Bibi akacheka. Cheko dogo, la kupumua. Meno hakuwa nayo.

Hatujafika barabarani tulisikia ukunga. Lwitiko akapunguza mwendo.

"Dada, kuna msiba kule tulikotoka."

"Geuza," nikasema. "Hatuwezi kupita msiba."

Kabla hajageuza, simu yangu ikaita. Alikuwa Coleta. Nyuma yake wanawake walikuwa wanalia, lakini yeye sauti yake ilikuwa kavu, nyepesi, kama ya mtu aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani.

"Usirudi, Mama Happy. Bibi amepumzika. Miaka yote hii... amepumzika. Nenda nao tu."

Akakata.

Niliuweka mtambo chumba cha uani. Kabla ya kufuma ilibidi nirefushe mtande, maana wa bibi ulikuwa unaelekea mwisho. Fundi hauvui mtande uliopo. Anafunga uzi mpya kwenye ncha ya ule wa zamani, fundo kwa fundo, mpaka amalize, kisha anauvuta wote upite. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo afanyavyo mtu yeyote asiyependa hasara. Nyuzi za kununua sikuwa nazo za kutosha. Nilikuwa na mabonge ya kijani yaliyobaki nilipomfumia Happyness sweta la shule. Nikayatumia. Nilikaa pale nikiimba nyimbo za kwaya, nikifunga uzi wa mwanangu kwenye uzi wa mfu, fundo baada ya fundo, kwa kukaza.

Hakuna aliyenilazimisha. Hilo ndilo linaloniuma.

Sauti ilianza jioni iliyofuata. Nilikuwa jikoni nikichochea mkaa.

Ko.

Nikadhani mlango.

Ko... ko... ko...

Ni kitana kikigonga. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mtambo anaijua sauti hiyo. Nilipofungua mlango, hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya sufi iliyolowa. Na kitambaa kilikuwa kimeongezeka upana wa kiganja. Kijani.

Nilimwambia Ebenezer. Aliniambia mbao za zamani hulia zikibadilishiwa hewa. Nikamuuliza kama hulia kijani. Akasema nimekaa sana na Wafipa. Ndivyo alivyo, kitu kisichopigwa mhuri kwake hakipo.

Asubuhi Happyness alivaa sweta lake kwenda shule. Lilimfika juu ya kiuno.

"Mama, limeruka," alisema.

"Unakua," nikamjibu. Nilijua naongopa. Sweta nililifuma mimi, na pindo lake la chini halikuwepo. Lilikuwa limefumuliwa, safi, bila uzi kuning'inia.

Kila jioni ko... ko... ko... Kila asubuhi kitambaa kimeongezeka na sweta limepungua. Nililificha sandukuni nikafunga na kufuli. Likapungua humo humo. Na mtoto mwenyewe akaanza kupoa. Sisemi kuumwa, nasema kupoa. Ukimshika miguu ni kama umeshika chupa iliyotoka mtoni. Aliota moto mpaka gauni likaungua pindo, akasema mama, baridi. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema mtoto hana kitu. Kanisani tukaombewa, wazee wakaweka mikono, na mikono yao waliitoa haraka wakaificha makotini.

Nilichukua mkasi. Niliuweka kwenye uzi mmoja tu wa pembeni, nikabana kidogo. Chumba cha pili Happyness akapiga yowe. Nilimkuta ameshika kifundo cha mguu, na mstari mwekundu umezunguka pale kama amefungwa kamba. Sikugusa mkasi tena.

Kisha ikaja jioni ile.

Umeme ulikuwa umekatika. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema, Ebenezer hajarudi. Nilitoka kuchota maji bombani kwa jirani, nikamwacha Happyness karibu na jiko. Niliporudi jiko lilikuwa linawaka peke yake.

Ko... ko... ko...

Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi.

Nikaenda. 

Vikanyagio vilikuwa vinapanda na kushuka. Kulia. Kushoto. Kulia. Kijiti kilikuwa kinapita katikati ya nyuzi, na hakuna mkono uliokirusha. Kwenye stuli hakukuwa na mtu, lakini mkeka nilioweka juu yake ulikuwa umebonyea.

Na chini, sakafuni, Happyness alikuwa amepiga goti. Mikono yake miwili ilikuwa imenyooshwa mbele, na juu yake sweta lake la kijani, lile nililolifungia sandukuni, linafumuka lenyewe, uzi unakimbia.

"Happy!"  Nilinong'ona. "Happy... unafanya nini?"

Akageuza shingo. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Bibi ameniomba nimshikie uzi."

"Toka hapo."

"Mama..." Alinong'ona kama mtu anayeogopa kusikika. "Ni mkubwa. Nitamwambiaje hapana?"

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi mno. Nyuma yangu vikanyagio vikasimama, na katika ukimya ule nilisikia lile cheko dogo, la kupumua.

Kesho yake nilikwenda kwa Coleta. Alikuwa anapanga mabonge ya nyuzi kwa rangi. Aliponiona hakushtuka. Alifunga kibanda nusu, akanivutia kigoda.

"Ameanza na nani?" aliuliza.

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu. Alilipokea kama chenji aliyokuwa anaingojea.

"Na Happyness," nikasema. "Uliyekesha naye akiwa na surua. Hata huyo."

Akalia kidogo, bila sauti. Kisha akasema, akinong'ona, macho yakiwa mlangoni.

"Ile bluu uliiona? Mstari wa mwisho?"

"Niliiona."

"Sweta la chekechea la Adolfu wangu."

 Nje mtu aliuliza bei ya vifungo, akajibiwa na kibanda cha jirani.

"Bibi alipokea kwa shangazi yake, akiwa binti," Coleta akaendelea. "Kitambaa kile hakiishi wala hakikatwi. Raymond alijaribu."

Raymond ni mume wake. Mkono wake wa kulia unaning'inia siku zote, na mji mzima tunajua ni kiharusi.

"Kinataka kufumwa kila siku. Alipokuwa na nguvu alikifuma mwenyewe, na uzi alijua alikokuwa anautoa. Sisi hatukuuliza. Alipoanguka kitandani kikawa kinajifuma, kinachukua cha karibu. Na yeye hakuweza kufa mpaka apatikane wa kupokea. Alituita wote mmoja mmoja. Tulikataa. Wafipa tunajua, Mama Happy. Mtu wa namna ile akikunyooshea kitu unaweka mikono nyuma."

"Na mimi sikujua."

"Hukujua."

"Ndiyo maana ulinichagua."

Alifuta uso kwa kanga. "Nina wawili waliobaki. Wewe ungefanyaje?"

 Nilimchukia, na namchukia leo. Lakini jibu nililijua, na hilo linanifanya nimchukie zaidi.

"Nikikifuma mwenyewe?" niliuliza.

"Kitachukua uzi utakaokipa. Wa mtu yeyote. Lete nguo aliyoivaa, basi."

Mfikirie mwanamke kama mimi, ambaye nusu ya mji wanamletea masweta yao ya zamani ayafumue awafumie mapya. Nyumba yangu ilikuwa imejaa watu, wamefungwa kwenye mifuko ya rambo. Scola wa duka la unga alikuwa ameniletea ya watoto wake wote. Niliketi mbele ya mtambo nikiwa na mfuko ule mapajani, chumba cha pili mwanangu akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Sitasema sikufikiri. Nilifikiri mpaka jua likaanza kuzama na kikanyagio cha kushoto kikatikisika.

Nikavua sweta langu mwenyewe. Nikalifumua, nikaketi, nikafuma.

Kabla sijamaliza mstari mmoja Happyness aliacha kutetemeka. Usiku ule alikula ugali na maharage akaongeza. Ebenezer akasema unaona, dawa za hospitali zinahitaji subira.

Tangu hapo nafuma kila jioni. Sweta, kisha shali, kisha gauni la harusi. Nguo zangu zinakwisha, na baridi inapanda. Ilianzia vidoleni, sasa iko magotini. Kitu cha ajabu ni kwamba kazi yangu imekuwa nzuri. Mistari imenyooka, mikono inajua bila kuambiwa. Kuna jioni najikuta nimecheka, na sikumbuki nilichokuwa nacheka.

Kufa siogopi sana. Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni kingine. Siku yangu ikifika nitalala kitandani, sitaweza kufa, na mkono wangu utatoka chini ya blanketi wenyewe. Nani atakuwa amekaa pembeni? Ni yule aliyeanza kuniletea stuli bila kutumwa. Yule aliyesema, mama ukichoka unifundishe, nikusaidie. Nimemlea mwenyewe. Yule hatasema hapana kwa mama yake.

Ningeweza kumweleza ukweli. Lakini mtoto ukimwambia unakufa kwa ajili yake, atakuja kukuuguza, hata umfungie mlango.

Nikamwambia Ebenezer tumpeleke Happyness kwa wifi yangu Tukuyu akasome huko. Alikataa, tukagombana mpaka majirani wakaja, mwishowe akakubali kwa hasira. Alfajiri tulikwenda stendi, mimi na Happyness. Ukungu ulikuwa mzito, mabasi yanawasha taa. Alikuwa amenishika kanga.

"Nitarudi likizo, mama?"

"Hapana."

"Nimekosa nini?"

Nikamwambia. Mbele ya abiria, kwa sauti, ili asikie vizuri na akumbuke vizuri. Nilimwambia amenichosha. Kwamba tangu azaliwe sijapata raha. Kwamba asinipigie simu, na siku akisikia nimeugua asije, sitaki kuona uso wake. Mama mmoja mwenye kapu la mayai alisema, ee, mwogope Mungu. Nikamwambia aangalie mayai yake.

Happyness hakulia. Alipiga goti kwenye tope la stendi kuniaga, kama nilivyomfundisha. Nikamgeuzia mgongo mpaka basi likaondoka.

Nimebakiwa na vitenge viwili na koti. Ebenezer anaongea nami kwa shida, analala sebuleni, anasema chumbani kuna baridi.

Jana wifi alipiga kutoka Tukuyu. Alisema mtoto ni mzima, ananenepa, ila amekataa kabisa kuongea na mimi. Alimpa simu, mtoto akaisukuma na kuweka mikono nyuma. Wifi aliniomba radhi, akasema atamkanya, mtoto hawezi kuwa na kiburi hivyo kwa mzazi wake.

Nilimwambia amwache.